Hannah Barlow hakuwa mfinyanzi: kuelewa vyombo vya udongo vya zama za Victoria

Picha ya chombo cha zamani cha Uingereza ikisambaa mitandaoni, aghalabu huja na maelezo yaleyale: kimefinyangwa na fulani, kimechorwa kwa mkono, tena ni cha kifalme. Chini ya picha watu huanza kubishana kuhusu bei. Mmoja anadai bakuli la bibi yake ni la zama za Victoria kwa sababu lina maneno "Made in England" kitakoni, mwingine anauliza kama sahani za kwao Lamu nazo ni za aina hiyo. Madai hayo matatu, la mfinyanzi, la mkono na la ufalme, yanaweza kuwa na makosa kila moja kwa njia yake. Njia nyepesi ya kuyafumbua ni kumfuata mtu mmoja ambaye jina lake hutajwa sana kwenye minada ya vyombo hivyo: Hannah Bolton Barlow, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki 1916.

Kwanza tuelewane. Zama za Victoria ni miaka ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, kuanzia 1837 hadi 1901. Mfinyanzi ni yule anayeupa udongo umbo, ama kwa mikono mitupu, ama kwenye gurudumu. Mpambaji wa vyombo huja baada yake: hupokea chombo kilichokwisha umbwa, akakitia nakshi, michoro au rangi. Kwetu Afrika Mashariki kazi hizi mbili mara nyingi ni za mtu mmoja. Mama anayefinyanga chungu ndiye huyohuyo anayechukua kijiti, ganda la kombe au gunzi la mahindi na kutia alama shingoni kabla udongo haujakauka. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiona jina limeandikwa chini ya chombo cha Kiingereza hudhani huyo ndiye aliyekifinyanga. Katika viwanda vya Uingereza vya karne ya 19 mambo hayakwenda hivyo.

Tofauti ya pili ni ya mkono na chapa. Sehemu kubwa ya sahani na mabakuli yaliyotoka Ulaya kwa wingi wakati huo hayakuchorwa na mtu. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba, ukapakwa wino, ukapigwa kwenye karatasi nyembamba, kisha karatasi ikabandikwa kwenye sahani ili iache mchoro wake. Sahani mia moja zingeweza kutoka zikiwa na maua yaleyale mahali palepale. Baadhi ya sahani za Ulaya za karne ya 19 zilizofika pwani yetu, zile zilizopangwa kwenye zidaka za nyumba za mawe au kupachikwa kwenye makaburi, ni za chapa za namna hiyo. Ni mali ya historia yetu na zina thamani yake, ila si kazi ya msanii mmoja aliyeketi na kuchora. Vyombo vya Hannah Barlow ni aina nyingine kabisa.

Hannah alizaliwa Little Hadham, kijiji cha wilaya ya Hertfordshire, kaskazini mwa London. Baba yake, Benjamin Barlow, alikuwa meneja wa benki, na nyumba ilijaa watoto: tisa kwa jumla. Walikulia mashambani, kati ya farasi, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka 1866 baba alifariki. Tukio hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu binti wa familia ya namna hiyo hakutarajiwa kufanya kazi ya mshahara. Akilazimika, njia zilizokubalika zilikuwa chache mno, na iliyozoeleka ni kuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya watu. Mwaka 1868 Hannah akaingia Shule ya Sanaa ya Lambeth, kusini mwa mto Thames, na mwaka 1871 akaajiriwa na kampuni ya Doulton. Alikuwa msanii wa kwanza mwanamke katika karakana yao ya vyombo vya sanaa.

Sasa, Doulton walikuwa nani? Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu kabla ya sanaa kampuni hiyo ilijulikana kwa mabomba ya majitaka.

Ilianzishwa mwaka 1815 na John Doulton pamoja na washirika wake, ikitengeneza mitungi ya kahawia, majagi ya bia na chupa za wino. Kipindupindu kilipokuwa kikiua maelfu ya watu London katikati ya karne ile, wanamageuzi wa afya walianza kudai kwamba uchafu uondolewe mjini kwa mabomba yasiyovuja wala kunyonya maji. Henry Doulton, mtoto wa John, aliiona nafasi hiyo mapema. Mwaka 1846 alifungua kiwanda cha mabomba ya udongo hapo Lambeth. Mabomba yale yalichomwa mpaka udongo ukakomaa na kuwa mgumu, na ndani na nje yalikuwa na utando wa kioo ambao maji hayapenyi. Miji ya Uingereza ilipojenga mifereji mipya ya chini ya ardhi, utajiri wa Henry Doulton ukapanda.

Jirani na kiwanda palikuwa na ile shule ya sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1854. Mkuu wake, John Sparkes, alikuwa na vijana wenye vipaji wasio na kazi, na akamwona Henry Doulton kuwa na udongo, matanuri na fedha. Akamsihi awape wanafunzi wake nafasi ya kupamba vyombo. Henry hakuchangamka mwanzoni. Mtu wa mabomba aliona biashara ya urembo kuwa jambo la kubahatisha. Polepole akakubali kujaribu, vyombo vichache vikapelekwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, na mwaka 1871 maonyesho ya South Kensington yakawavutia watu kiasi kwamba hakukuwa na kurudi nyuma. Mwaka huohuo ndio Hannah alioanza kazi.

Nasisitiza habari hii ya mabomba kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini vyombo vya Hannah vinaonekana vilivyo. Udongo, matanuri na utando wa kioo uliotumika kwenye kazi zake vilitokana moja kwa moja na ujuzi wa kutengeneza mitungi na mabomba. Hakuwa akichora juu ya kauri nyeupe laini ya mezani. Alikuwa akifanya kazi kwenye udongo mzito wa viwandani, wenye rangi ya mchanga au kahawia, na udongo huo ulikuwa na masharti yake.

Sharti la kwanza ni wakati. Chombo kikitoka kwenye gurudumu kimelowa, ukikigusa kinabonyea. Kikiachwa kwa muda hufika hali ya katikati, ambapo udongo umekaza lakini haujakauka. Kwa ugumu ni kama mche wa sabuni: ukiuminya haubonyei, lakini ukipitisha ukucha unaacha mfereji safi. Hapo ndipo Hannah alipoanza. Alishika kifaa chenye ncha kali na kukwaruza mchoro moja kwa moja kwenye udongo: mgongo wa farasi, mbavu, masikio, manyoya ya shingoni kwa mikwaruzo mifupi iliyofuatana. Mstari ukishaingia umeingia. Ukijaribu kuulainisha kwa kidole, kovu linabaki na litaonekana hata baada ya moto.

Mchoro ukikamilika, rangi ilisuguliwa ndani ya mistari, kisha uso wa chombo ukafutwa. Rangi ikabaki kwenye mifereji tu. Kwa hiyo ukiona farasi wa bluu iliyokolea au kahawia kwenye chombo cha Hannah, unachokiona si wino uliopakwa juu bali ni shimo jembamba lililojaa rangi. Ni kosa la kawaida kumwita mchoraji wa rangi kwa msingi wa vyombo hivi. Alijua kuchora, na alijifunza kuchora, lakini kwenye vyombo vilivyomletea jina kazi yake ilikuwa ya kukwaruza.

Sharti la pili ni moto. Vyombo vingi vya mezani huchomwa mara mbili au zaidi: kwanza udongo wenyewe, kisha utando wa kioo, pengine tena kwa ajili ya rangi nyepesi na dhahabu. Vyombo hivi vya Lambeth vilichomwa mara moja tu. Viliingia tanurini vikiwa vibichi, havijapakwa dawa yoyote ya kung'arisha, na joto likapandishwa hadi kupita nyuzi 1,200 za Selsiasi. Joto lilipofika kileleni, wafanyakazi walimwaga chumvi tanurini, chumvi ya kawaida ya jikoni. Kwa joto lile chumvi haina nafasi ya kubaki chumvi. Inageuka mvuke, na sodiamu iliyomo ndani yake inaungana na silika ya udongo na kufanya utando mwembamba wa kioo juu ya kila kitu kinachoguswa na mvuke huo. Ndiyo maana ukipitisha kidole kwenye chombo cha namna hii unahisi vijishimo vidogo vidogo, sawa na vile vilivyoko kwenye mabomba ya wakati ule.

Moto huo ndio ulioamua rangi. Rangi nyingi nzuri hufa katika joto hilo. Zinazosalimika ni chache: bluu itokanayo na madini ya kobalti, kahawia itokanayo na chuma na manganizi, na jamii zake. Mtu anayesema vyombo vya Hannah vimepauka kwa sababu ya uzee anakosea. Vilitoka tanurini hivyohivyo. Uchache wa rangi uliuacha mstari ubebe mzigo wote, na kwa maoni yangu hiyo ni bahati, kwa sababu nguvu ya Hannah ilikuwa kwenye mstari. Farasi wake wadogo husimama wakiupa upepo mgongo, mikia imebanwa, na unaijua baridi ya siku ile bila kuonyeshwa wingu wala mvua.

Tukirudi kwenye swali la nani alitengeneza nini, hebu tufuate chombo kimoja cha maua kutoka mwanzo. Udongo uliandaliwa na wanaume ambao majina yao hayakuandikwa kokote. Mfinyanzi, naye mwanamume, alikifinyanga kwenye gurudumu kwa vipimo alivyopewa. Kilipokaza kikapelekwa kwenye vyumba vya wapambaji, na Hannah akakwaruza wanyama katikati, kwenye ule mshipi mpana unaozunguka tumbo la chombo. Halafu msaidizi, kwa kawaida msichana, akashika sehemu za juu na chini: mipaka ya majani yanayojirudia, na vitone vidogo vya udongo vilivyobandikwa kimoja kimoja mithili ya shanga. Mwisho wapangaji wa tanuri na wachomaji wakakipokea, na wakati wowote hapo wangeweza kukiharibu. Kusema "chombo hiki ni cha Hannah Barlow" ni sahihi ikiwa unamaanisha wanyama waliomo. Ukimaanisha chombo chote, unawafuta watu wengi.

Hilo halimpunguzii Hannah chochote. Jambo geni Lambeth lilikuwa kwamba jina la mpambaji liliruhusiwa kuonekana kabisa. Katika viwanda vingi vya wakati ule, mpambaji alikuwa kibarua asiyejulikana na sifa yote ilikwenda kwa mwenye kiwanda. Kwa Doulton, wasanii walikwaruza herufi za majina yao kitakoni, na hata wasaidizi wengi walitia alama zao ndogo. Ndiyo sababu leo tunaweza kuzungumza juu yake kwa jina.

Hakuwa peke yake katika familia. Kaka yake Arthur naye alijiunga na Doulton mwaka 1871, akawa hodari wa majani na mizabibu inayozunguka chombo, lakini alikuwa mgonjwa na alifariki mwaka 1879. Mdogo wao Florence alifika mwaka 1873. Dada hawa wawili walielewana wagawane: Hannah achukue wanyama, Florence achukue ndege. Makubaliano hayo husaidia sana kuwatofautisha, maana wanaotazama haraka huwachanganya. Florence hakukwaruza tu. Alizoea kupaka udongo mwepesi wenye rangi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ndege akainuka kidogo kutoka kwenye uso wa chombo. Ukipitisha kidole kwenye ndege wa Florence unakuta mwinuko, na kwenye mbuzi wa Hannah unakuta mfereji. Dada yao mwingine, Lucy, naye alifanya kazi hapo kwa miaka michache katika miaka ya 1880.

Katika miaka ya 1870, Hannah angali kijana, mkono wake wa kulia ulipoteza uwezo wa kufanya kazi. Kwa mtu anayeishi kwa mstari usiofutika, huo ungeweza kuwa mwisho. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto na akaendelea hadi alipostaafu mwaka 1913. Mtu akitazama vyombo vyake vya miaka ya 1880 na 1890 akumbuke hilo: wale punda na paa wanaokimbia bila kusitasita walikwaruzwa kwa mkono uliofundishwa ukubwani.

Nje ya vyombo alitengeneza sanamu za wanyama zilizoinuka kwenye bapa, na baadhi zilionyeshwa katika Akademia ya Kifalme ya Sanaa ya London katika miaka ya 1880. Alifuga wanyama nyumbani ili apate wa kuchora. Nadhani inaonekana: wanyama wake hawakai kama wanaopigwa picha, wanakula, wanajikuna, wanageuka kutazama jambo lililo nje ya chombo.

Kuna simulizi inayopendwa kwamba Henry Doulton aliwakomboa wanawake. Ukweli una pande mbili na zote zinastahili kusemwa. Ni kweli kwamba karakana iliyoanza na Hannah mwaka 1871 ilikuwa na wanawake zaidi ya 200 katika miaka ya 1880, wakilipwa kwa kazi ya ujuzi, na wengi wakijulikana kwa majina. Ni kweli pia kwamba alimwajiri Frank Butler, kijana kiziwi, ambaye alikuja kuwa mmoja wa wabunifu wake wakubwa. Kwa Uingereza ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Lakini gurudumu na tanuri vilibaki mikononi mwa wanaume, na wanawake walikaa kwenye vyumba vyao, wakifanya kazi iliyoonekana kuwa safi na ya heshima kwa binti wa nyumba nzuri. Kwa Hannah mlango ulifunguka kwa kiasi kile ambacho jamii yake ilikivumilia, naye akautumia kwa miaka zaidi ya 40.

Moshi nao una sehemu yake. Chumvi ikimwagwa tanurini, sodiamu hubaki kwenye chombo, lakini klorini hutoka na mvuke kupitia bomba la moshi ikiwa gesi ya asidi. Lambeth haikuwa porini. Mitaa ilijaa watu, na Kasri la Lambeth, makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury, liko hapo jirani. Utando mzuri wa kioo tunaousifu leo ulilipiwa na mapafu ya waliokuwa chini ya upepo. Kiwanda cha Lambeth kilifungwa mwaka 1956, wakati sheria za hewa safi zilipokuwa zikikaza, na uchomaji wa chumvi katikati ya jiji haukuwezekana tena.

Sasa suala la ufalme, ambalo huwachanganya wengi mitandaoni. Neno "Royal" mbele ya Doulton halina maana kwamba chombo kilitumiwa na mfalme au kilitengenezwa kwa ajili ya ikulu. Mwaka 1901 Mfalme Edward VII aliipa kampuni hati ya kifalme pamoja na ruhusa ya kutumia neno hilo, nayo ikaanza kulitia kwenye mihuri yake. Henry Doulton mwenyewe, aliyepewa cheo cha Sir mwaka 1887, alikuwa amefariki tangu 1897. Matokeo yake ni kinyume cha wanavyodhani wauzaji wengi: chombo cha Hannah cha miaka ya 1870 au 1880 hakiwezi kuwa na muhuri wa "Royal Doulton". Kinapaswa kuwa na "Doulton Lambeth", na mara nyingi mwaka umeandikwa katikati ya muhuri.

Neno "England" nalo lina historia yake. Mwaka 1891 sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai kwamba bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na viwanda vya Uingereza vikaanza kuliongeza kwenye mihuri. Chombo chenye "England" peke yake kwa kawaida ni cha kuanzia wakati huo. Chenye "Made in England" mara nyingi ni cha karne ya 20. Kwa hiyo yule aliyesema bakuli la bibi yake ni la zama za Victoria kwa sababu limeandikwa "Made in England" ameshika ushahidi unaompinga.

Ukipata nafasi ya kushika chombo kinachodaiwa kuwa cha Hannah, kigeuze. Tafuta herufi za jina lake, BHB, zilizosukwa pamoja na kukwaruzwa kwa mkono, kwani muhuri wa kiwanda peke yake hautoshi. Ukiikuta alama ya Florence na juu kuna ndege walioinuka, umepata kazi ya mdogo wake. Kisha tazama pembeni ya herufi hizo, kwenye nafasi iliyobaki. Mara nyingi pana herufi nyingine ndogo, moja au mbili, ambazo watu huziruka wakidhani ni namba za kiwanda. Hizo ni alama za wasaidizi, na nyingi ni za wasichana waliobandika vile vitone kimoja kimoja.